Kahawa, Bei, na Umaskini wa Mataifa

Wahenga walisema, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Methali hiyo tumeisikia tangu utoto, na kila mara humlaumu mtegemeaji: ati ni mvivu, hataki kulima shamba lake. Lakini wako wataalamu wa uchumi walioigeuza methali hiyo juu chini. Wao wasema kwamba nchi maskini hazikuwa tegemezi kwa sababu ya uvivu. Zilifanywa hivyo, na tena jasho lao ndilo linalomnenepesha ndugu tajiri. Mafundisho yao huitwa nadharia ya utegemezi.

Wasomaji wapenzi, katika makala hii nataka kueleza kwa maneno mepesi nadharia hiyo yasema nini, ilitoka wapi, na kama yaweza kutusaidia kuzifahamu habari za nchi yetu ya Rwanda. Mfano wangu mkubwa utakuwa kahawa. Hapa Nengo hatuoni mashamba yake dirishani, maana sisi tumo mjini Gisenyi. Lakini ukifuata ukingo wa Ziwa Kivu kuelekea kusini, Rutsiro hata Karongi, utaikuta vilimani, na wako wanafunzi wengi ambao ada yao yatoka katika mibuni hiyo. Bei ikishuka, mtoto hurudi nyumbani. Kwa hiyo si habari ya vitabuni tu.

FIKRA YA ZAMANI

Kwanza yafaa kujua wataalamu hao walikuwa wakibishana na nani. Mwaka 1817 Mwingereza mmoja, David Ricardo, aliandika kwamba kila nchi yapaswa kufanya ile kazi inayoiweza zaidi, kisha nchi zibadilishane mali. Mfano wake ulikuwa Ureno na Uingereza: Ureno itoe mvinyo, Uingereza itoe nguo, na zote mbili zitapata faida. Kwa fikra hiyo nchi yenye udongo wa kahawa ilime kahawa, nchi yenye viwanda itengeneze mashine, na biashara itaziinua zote pamoja.

Baadaye, mwaka 1960, Mmarekani W. W. Rostow alifundisha kwamba maendeleo ni kama ngazi yenye vidato vitano. Nchi tajiri zimekwisha fika juu. Nchi maskini ziko chini, lakini zapanda ngazi ile ile. Basi umaskini ni kuchelewa tu. Anayechelewa na avumilie, atafika.

MTU ALIYETIA SHAKA

Raúl Prebisch alikuwa mchumi wa Argentina, naye aliwahi kuongoza benki kuu ya nchi yake. Argentina iliuza ngano na nyama Ulaya, ikanunua huko mashine. Ulipokuja mdororo mkubwa wa biashara baada ya mwaka 1929, Prebisch aliona jambo moja: bei ya vitu vya viwandani ilishuka kidogo, lakini bei ya mazao ya mashamba ilianguka vibaya. Mwaka 1949, akiwa katika tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Amerika ya Kilatini iliyoko Santiago, nchini Chile, alitoa taarifa iliyotangaza hoja yake duniani. Mwaka 1950 mchumi mwingine, Hans Singer, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi katika Umoja wa Mataifa, alifikia hoja hiyo hiyo kwa njia yake mwenyewe.

Hoja yenyewe ni hii. Dunia ina kitovu na ina pembezoni. Kitovuni ziko nchi zinazotengeneza vitu. Pembezoni ziko nchi zinazotoa mazao na madini. Miaka inavyopita, bei ya mazao hupungua nguvu mbele ya bei ya vitu vya viwandani. Tuseme, kwa mfano wa kuwazia tu, kwamba mwaka huu magunia 10 ya kahawa yanunua mashine moja. Baada ya miaka kadhaa mashine ile ile itataka magunia 15. Mkulima amefanya kazi zaidi, naye amepata kile kile. Akiongeza mibuni ili kufidia hasara, na jirani zake wakafanya vivyo hivyo, kahawa huzidi sokoni na bei hushuka tena.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu tatu ndizo kubwa.

Ya kwanza ni tumbo. Mtu akipata mshahara mara tatu ya ule wa zamani, hawezi kunywa kahawa mara tatu. Atanunua gari, simu, na samani. Kwa hiyo utajiri wa dunia unapokua, fedha nyingi hukimbilia vitu vya viwandani, si mazao.

Ya pili ni nguvu ya mfanyakazi. Kiwanda cha Ulaya kikipata mashine bora, wafanyakazi wenye chama imara hudai sehemu yao, na mshahara hupanda. Mkulima wetu akipata mbolea bora, mavuno huongezeka. Lakini wakulima ni mamilioni waliotawanyika, kila mmoja auza peke yake, na mavuno makubwa huwa sababu ya kushusha bei. Faida ya maarifa yake humwendea mnunuzi.

Ya tatu ni uvumbuzi wa vitu vya badala. Jirani zetu wa Tanzania waliijua vizuri hasara hiyo. Mkonge ulikuwa zao lao kuu la kuuza nje siku za uhuru, lakini katika miaka ya 1960 kamba za plastiki ziliingia sokoni na bei ya mkonge ikaanguka. Hakuna mkulima wa Tanga aliyekosa bidii. Kosa lake lilikuwa kusimama mahali ambapo mtu wa mbali aweza kumfanya asiwe na kazi.

KAHAWA ILIVYOFIKA KWETU

Babu zetu hawakulima kahawa. Miche ya kwanza ililetwa na wamisionari katika misheni ya Mibirizi, kusini-magharibi mwa nchi, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Wajerumani. Baadaye walikuja Wabelgiji, nao katika miaka ya 1930 waliwalazimisha wakulima kupanda mibuni. Mkulima alihitaji fedha ili alipe kodi, na kahawa ndiyo iliyompa fedha hizo. Hata baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 sheria iliendelea kukataza kung'oa mbuni, ingawa shamba ni la mtu mwenyewe.

Angalieni jinsi jambo hilo linavyofuatana na maneno ya Prebisch. Zao lilichaguliwa na mtawala, si na mlimaji. Halikuwa chakula chake. Mpaka leo Wanyarwanda wengi hunywa chai, na wako waliolima kahawa maisha yao yote bila kuionja. Punje zilisafirishwa mbichi zaidi ya kilomita 1,400 mpaka bahari ya Mombasa au Dar es Salaam, kisha zikavuka maji. Kukaanga, kusaga, kutia katika mikebe, na kuandika jina juu ya mkebe, kazi hizo zote zilifanyika Ulaya na Marekani. Na bei ya arabika hupangwa katika soko la New York, mahali ambapo mkulima wa Rutsiro hana sauti wala kiti.

ANGUKO LA MWAKA 1989

Tangu mwaka 1962 nchi zinazouza kahawa na nchi zinazoinunua zilikuwa na mapatano. Kila nchi yenye kuuza ilipewa fungu lake, yaani kiasi ambacho yaweza kupeleka sokoni, ili kahawa isizidi na bei isianguke. Mapatano hayo hayakuwa kamili, lakini yaliizuia bei.

Mwezi Julai 1989 wenye mapatano walishindwa kuafikiana, na mafungu yakaondolewa. Kahawa iliyokuwa imewekwa maghalani ikamwagika sokoni, na katika miezi michache bei ilishuka karibu nusu. Rwanda wakati huo ilipata kutoka kwa kahawa zaidi ya nusu ya fedha zake za kigeni. Fedha hizo ndizo zilizonunua petroli, dawa, na vyuma. Serikali ilikuwa ikimlipa mkulima faranga 125 kwa kilo. Mwaka 1990 ikapunguza hata faranga 100. Mwezi Novemba 1990, kwa shauri la Mfuko wa Fedha wa Kimataifa na Benki ya Dunia, thamani ya faranga ilipunguzwa kwa asilimia 40, na kila kitu kilichotoka nje kikawa ghali. Mwezi mmoja kabla ya hapo vita vilikuwa vimekwisha anza.

Hapa sina budi kusema neno moja kwa uangalifu. Wako watu wa nje wanaoandika kana kwamba bei ya kahawa ndiyo iliyoleta maangamizi yetu. Si kweli. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalipangwa na watu na kutekelezwa na watu. Tanzania na Kosta Rika zilipatwa na anguko lile lile la bei, wala hazikuua raia wao. Nadharia ya uchumi yaweza kueleza kwa nini mfuko ni mtupu. Haiwezi kumwondolea mtu hatia ya alichofanya kwa mikono yake.

WENYE MANENO MAKALI ZAIDI

Prebisch alikuwa mtu wa maofisi na mikutano. Mwaka 1964 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa baraza la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, naye alitumaini kwamba nchi maskini zaweza kujenga viwanda na kupatana bei nzuri. Waliomfuata walikuwa wakali kuliko yeye.

Andre Gunder Frank, mzaliwa wa Berlin, aliandika mwaka 1966 kwamba nchi maskini hazikuachwa nyuma ya biashara ya dunia. Zilikuwamo ndani yake tangu zamani, na kuwamo huko ndiko kulikozidumaza. Aliifananisha dunia na mnyororo: kijiji chanyonywa na mji mdogo, mji mdogo na mji mkuu, mji mkuu na mji wa ng'ambo. Samir Amin, mzaliwa wa Cairo aliyefanya kazi miaka mingi mjini Dakar, aliyatumia mawazo kama hayo kuieleza Afrika. Naye Walter Rodney, mwana wa Guyana, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1972 akatoa kitabu kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika. Aliuawa kwa bomu mjini Georgetown mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 38.

Rodney na wenzake walipenda kutuonyesha ramani. Itazameni reli ya Wakoloni. Iliyojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Ile ya Katanga ilichukua shaba na kuipeleka Lobito, pwani ya Angola. Kila moja yatoka bara yaenda bandarini. Mgeni aliyezijenga hakuwa na haja ya kuunganisha Mwafrika na Mwafrika. Na jambo hilo halikuisha pamoja na bendera za zamani. Leo jirani zetu wa Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, ile inayotiwa katika betri za simu na magari, lakini sehemu kubwa husafishwa Uchina.

Wala msifikiri kwamba maneno hayo ni ya wanasiasa peke yao. Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alionya kwamba soko huria halitoshi kuleta haki wakati mmoja auza vitu vya viwandani na mwingine auza mazao ambayo bei yake hupanda na kushuka ghafula. Alisema mapatano ya wasiolingana nguvu hayawi ya haki kwa sababu tu wote wawili wamekubali.

NGUO ZA MITUMBA

Tukitaka kuona utegemezi katika siku zetu wenyewe, tutazame nguo. Mwaka 2016 serikali yetu ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba, ambazo sisi huziita caguwa, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hata dola 2 na nusu. Shabaha ilikuwa kuvipa nafasi viwanda vya nguo vya hapa. Nchi nyingine za Afrika Mashariki zilikuwa zimekusudia hivyo pia, lakini Marekani ilipotishia kuziondolea nafuu ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru, zilirudi nyuma. Rwanda haikurudi. Basi mwezi Julai 2018 Marekani iliondoa nafuu hiyo kwa nguo zitokazo Rwanda.

Mwanafunzi wa nadharia ya utegemezi ataona hapo somo zima: pembezoni ikijaribu kujenga kiwanda, kitovu hukasirika. Lakini tulioishi karibu na mpaka twaona upande mwingine pia. Wauzaji wa caguwa walipoteza kazi zao, na wengi wao walikuwa akina mama. Nguo mpya zilikuwa ghali kwa maskini. Na mitumba iliendelea kuvushwa kwa magendo kutoka Goma. Kujikomboa nako kuna gharama yake, na mara nyingi anayeilipa kwanza ni yule aliye chini kabisa.

JE, NADHARIA HII NI KWELI YOTE?

Kwa maoni yangu, ni kweli nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Lakini iko mifano inayoisumbua.

Korea Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi maskini mwaka 1960. Haikujitenga na biashara ya dunia. Ilianza kwa kuuza nguo na nywele za bandia, kisha ikauza chuma, merikebu, na magari. Kama biashara na matajiri hudumaza daima, Wakorea wangalidumaa. Tena Denmark katika karne ya 19 iliuza Uingereza siagi na nyama ya nguruwe, yaani mazao ya mashamba, na leo ni tajiri. Basi kuuza mazao si laana peke yake.

Ukichunguza zaidi, waona nchi hizo zilifanya nini. Korea iligawa ardhi kwa wakulima, ikasomesha watu wake, na serikali ikachagua viwanda vya kusaidiwa na benki. Wakulima wa Denmark, tangu mwaka 1882, waliunda vyama vya ushirika vyenye viwanda vyao vya maziwa, na faida ikarudi kwao wenyewe. Mbrazili Fernando Henrique Cardoso, mmoja wa waalimu wa nadharia hii, alikiri mapema kwamba nchi tegemezi yaweza kukua. Lililo muhimu ni nani ndani ya nchi anayeshika faida. Yeye mwenyewe alikuja kuwa rais wa Brazil tangu mwaka 1995 hata mwanzo wa 2003.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hutumia nadharia hii kama kivuli cha kulalia: kila kosa ni la mzungu. Lakini ule mnyororo wa Frank una pete nyingine hapa kwetu. Mchuuzi apunjaye mizani, karani alaye fedha za ushirika, mtu wa mjini amdharauye mkulima anayemlisha, hao wote ni kitovu kidogo chenye pembezoni yake.

Na tunao mfano mwema wetu wenyewe. Zamani kahawa ya Rwanda ilimenywa na kuoshwa nyumbani, ikauzwa kama kahawa ya kawaida isiyo na jina. Mwaka 1999 wakulima wa Maraba, karibu na Butare, waliunda ushirika wa Abahuzamugambi. Mwaka 2001 wakapata kituo cha kuoshea kahawa, kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Taifa na wa Marekani. Kahawa yao ikauzwa Marekani na Uingereza kwa jina la Maraba na kwa bei bora. Leo vituo vya namna hiyo ni zaidi ya 200 nchini. Bei ya New York bado ipo, lakini anayeuza kitu kizuri chenye jina huisikia kidogo kuliko anayeuza gunia lisilo na jina.

MASWALI MATATU

Nadhani faida kubwa ya nadharia ya utegemezi ni kwamba yatufundisha kuuliza. Kwa kila mali inayopita mbele yetu tuulize: Bei yake hupangwa na nani? Kazi yenye malipo makubwa hufanyika wapi? Faida hukaa wapi?

Tujaribu hapa hapa. Chai ya Pfunda, karibu na mji wetu, hulimwa na kukaushwa hapa, kwa hiyo kazi ya kiwanda yabaki kwetu. Lakini chai ya Rwanda kwa sehemu kubwa huuzwa katika mnada wa Mombasa, na bei yategemea wanunuzi wa mbali. Kiwanda cha pombe cha Bralirwa kilijengwa Gisenyi mwaka 1957. Watu wengi wamepata mishahara humo, na bidhaa yake hunywewa na sisi wenyewe. Lakini hisa zake nyingi ni mali ya kampuni ya Heineken ya Uholanzi, na sehemu ya faida huvuka bahari kwa haki ya sheria. Sisemi hilo ni jema wala baya. Nasema mtu mwenye elimu apaswa kulijua, na akijua aulize: ni nini tungetakiwa kufanya ili sehemu ikaayo hapa iwe kubwa zaidi?

Jibu halitatoka New York. Litatoka kwa watakaojua kupima ubora wa kahawa, kusoma mikataba, kuendesha mashine, na kuongoza ushirika bila kuuibia. Wengi wetu twatamani kuwa makarani mjini Kigali, na shamba tunaliona kuwa adhabu. Kama wenye elimu wote wataukimbia mbuni, basi mtu mwingine ataendelea kuujua kwa niaba yetu, na ataendelea kutoza gharama ya ujuzi wake.

Msomaji mwenye mawazo mengine, hasa aliye mtoto wa mkulima na ajuaye bei ya mwaka huu kwao, na alete majibu yake katika toleo lijalo. Tutayasoma kwa furaha.